Taa Zako, Macho ya Mwenzako

Usiku ule nilikuwa natoka Muheza, viti vya nyuma vya Noah nimevilaza, na juu yake magunia manne ya machungwa. Tangu nilipoiacha njia panda ya Segera na kushika barabara ya Chalinze, kila gari lililokuja mbele yangu lilinipiga fulu. Basi, fulu. Lori, fulu. Hata kijana wa bodaboda ambaye taa yake mwenyewe ilikuwa kama kibatari, naye akanipiga fulu. Nikasema moyoni kwamba barabara hii imekosa adabu, na mimi nikawa najibu, fulu kwa fulu.

Pale Mkata niliingia kupata chai. Dereva mmoja wa lori alikuwa ameketi kwenye ngazi ya gari lake. Taa zangu zilipomgeukia akajiziba uso kwa kiganja. Niliposhuka tukasalimiana vizuri kabisa, habari za safari, za huko utokako, kisha akasema, "Kaka, hizo taa zako zinatafuta popo." Akanipeleka nyuma nikatazame gari lilivyoketi, limeatamia kama kuku, pua juu. Akaniambia niwashe dimu, akapapasa chini ya usukani upande wa kulia, akazungusha kigurudumu kidogo chenye namba zinazoanzia 0. Kwenye ukuta wa mgahawa mwanga ukateremka kama pazia. Miaka mitatu nilikuwa na gari lile, na siku zote nilijua kigurudumu kile ni cha kupunguza mwanga wa dashibodi.

Nimeifikiria sana chai ile. Breki zikiisha utasikia chuma kikilia. Tairi likiwa na upepo mdogo usukani utakuvuta. Injini ikila oili utauona moshi kwenye kioo, na mfuko utakukumbusha. Taa iliyopanda haikusumbui wewe hata kidogo. Kinyume chake inakupendeza, maana unasoma vibao vya mbali na majani ya miti unayaona yote. Anayeumia ni mtu usiyemjua, kwa sekunde tatu, kisha anakupita na malalamiko yake yanaishia gizani. Ndiyo maana kasoro hii hukaa kwenye gari miaka. Katika mambo yote yanayofanywa kwenye ukaguzi wa gari, kupima taa ndiko pekee ambako mtu anasimama mahali pa yule unayepishana naye na kutazama kwa macho yake.

Hesabu yake si ngumu. Chukua taa iliyo sentimita 65 kutoka ardhini, kimo cha magari mengi madogo. Taa ya dimu haitakiwi kwenda mbele imenyooka. Inatakiwa iiname kidogo, kiasi cha asilimia 1. Maana yake ni kwamba kila inapokwenda mita 10, ukingo wa juu wa mwanga unashuka sentimita 10, na kwa hiyo unagusa lami mita 65 mbele yako. Sasa iinue taa hiyo hiyo hadi iwe inapanda kwa asilimia 1. Kwenye mita 50 ukingo wake umefika sentimita 115, na hapo ndipo yalipo macho ya mtu aliyeketi kwenye gari dogo. Kati ya taa ya kistaarabu na taa inayopofusha pana asilimia 2 tu, yaani pembe ya nyuzi moja na kidogo. Ukisimama kando ya gari huwezi kuiona.

Machungwa yangu yalifanya hivyo hivyo. Kwenye gari ambalo matairi ya mbele na ya nyuma yameachana mita mbili na nusu, mzigo ukiibonyeza nyuma kwa sentimita 5 umeshainua taa kwa asilimia 2. Hakuna aliyegusa skrubu yoyote. Kwa hiyo ushauri wa kwanza hauhitaji fundi wala senti moja: kitafute kile kigurudumu kwenye gari lako leo. Kwenye 0 ni dereva peke yake, au dereva na abiria wa mbele. Ukijaza watu au mzigo nyuma, panda namba, na kadiri namba inavyopanda ndivyo taa inavyoshuka. Ukishusha mzigo, irudishe 0. Kuna magari yanayojirekebisha yenyewe, hasa yaliyotoka kiwandani na taa za zenoni au LED, na hayo hayana kigurudumu. Kigurudumu kikizunguka na taa zisitikisike, mota iliyo nyuma ya taa imekufa au waya wake umekatika, na hilo ni la fundi umeme.

Na kuna huu mtindo wetu wa kunyanyua magari. Gari linashuka bandarini, halijazoea hata vumbi, tayari limewekewa spesa au springi za gari jingine ili lisigonge chini kwenye matuta. Sina ugomvi na hilo. Barabara za mitaani kwetu tunazijua. Ila gari likinyanyuliwa mbele zaidi kuliko nyuma, taa zinapanda, na likinyanyuliwa nyuma zaidi zinalala. Aliyeweka spesa akikwambia kazi imekwisha, bado. Kazi itakwisha taa zikipimwa upya. Ni hivyo hivyo ukibadilisha shokapu, ukinyoosha bampa baada ya kugonga, ukitoa taa kuisafisha na kuirudisha, au ukiweka matairi yenye kimo tofauti.

Wapo wanaokimbilia upande wa pili, wakaishusha taa kabisa ili wasigombane na mtu. Nayo si salama. Taa ya kimo kile kile ikiinama asilimia 2, mwanga wake unaishia mita 32. Kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa unakula mita 22 kila sekunde. Hadi uone, ushtuke, ukanyage breki na gari lisimame kwenye lami kavu, umeshatumia kama mita 60. Maana yake hata taa iliyosetiwa vizuri inakutosha kwa mwendo wa 80 tu ukiwa kwenye dimu. Kwenye 100 unahitaji zaidi ya mita 80, na mwanga wenyewe huna. Ng'ombe mweusi hatasubiri umalize hesabu. Tangu mwaka 2023, mabasi ya abiria yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku hapa Tanzania, giza la barabara kuu limepata wenyeji wengi kuliko zamani, na jambo hili limekuwa la kila mtu.

Sasa tuje kwenye balbu, maana ndipo fedha nyingi zinapopotea. Mtu akiona taa zimefifia, wazo la kwanza ni kununua balbu kali. Kabla hujafika dukani, tazama kioo cha taa. Magari ya siku hizi yana kioo cha plastiki, na jua huigeuza ile plastiki kuwa ya njano na yenye ukungu. Mwanga unaopita kwenye ukungu hautoki kwa mstari, unatawanyika. Wewe unaona kidogo na mwenzako anapofuka. Dawa ya meno itakung'arishia kwa wiki chache tu. Kazi inayodumu ni kusugua kwa msasa wa maji, uanze na namba 800 au 1000, uende 1500, kisha 2000 au 3000, umalizie kwa polishi na kupaka rangi angavu ya kuzuia jua. Ukiacha hilo la mwisho, njano itarudi.

Kisha pima umeme. Injini ikiwa inaunguruma na dimu imewashwa, pima volti kwenye betri, halafu pima kwenye plagi iliyo nyuma ya taa. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga wa balbu ya kawaida hupungua kwa karibu asilimia 30. Mara nyingi mchawi ni waya wa ethi uliopata kutu pale ulipofungwa kwenye bodi, au swichi iliyoungua ndani. Nimeona mtu akibadilisha balbu mara tatu kwa ugonjwa wa boliti moja yenye kutu.

Balbu za LED zinazouzwa kuwekwa mahali pa balbu ya kawaida nina neno nazo. Balbu ya H4, ambayo magari mengi ya Kijapani ya umri wa kati hutumia, ina nyuzi mbili ndani, moja ya dimu ya wati 55 na nyingine ya fulu ya wati 60. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usipige nusu ya chini ya sufuria ya taa, ile inayorudisha mwanga mbele. Kikombe kile ndicho kinachochora ukingo kati ya mwanga na giza, na sufuria nzima imepindwa kwa kuhesabu mahali uzi ulipo, kwa milimita. Ukiweka pale LED ambayo vitaa vyake vimekaa nje ya mahali pa uzi, au ni vipana kuliko uzi, sufuria haijui ifanye nini na mwanga huo. Inaumwaga kila mahali. Mbele ya gari kunang'aa sana, unafurahi, lakini mbali hakuna kitu, na juu ya mstari pamejaa mwanga. Zenoni ya kupachika kwenye sufuria ya balbu ya kawaida ni hivyo hivyo. Ukuta, nitakaoueleza hapa chini, utakwambia ukweli kuhusu balbu uliyouziwa: usipoona ukingo wa wazi, irudishe. Na ile ya kawaida ukiifunga, hakikisha masikio yake matatu yamekaa kwenye nafasi zake, na usishike kioo chake kwa vidole. Mafuta ya ngozi yakipata moto yanaiua mapema.

Ukuta wenyewe tafuta ulio wima, na mbele yake sakafu ya usawa. Jaza upepo matairi yote kwa kiwango chake, toa mizigo, weka kigurudumu kwenye 0, na mtu aketi kiti cha dereva. Subiri kigiza kiingie. Sogeza gari hadi karibu na ukuta, liwe limeukabili sawasawa, kisha kwa mkanda wa karatasi, ule wa wapaka rangi, weka alama ya msalaba mbele ya kitovu cha kila taa. Rudi nyuma mita 5 kamili kutoka taa hadi ukuta. Pima kwa futi kamba, usikisie. Bonyeza gari mbele na nyuma mara mbili tatu ili springi zikae, kisha washa dimu.

Utaona ukingo: chini mwanga, juu giza. Kwa taa inayotakiwa kuinama asilimia 1, ukingo huo uwe sentimita 5 chini ya alama yako. Kwenye magari mengi yenye asili ya Ulaya kiwango kimeandikwa kwenye kibandiko au kimechorwa karibu na taa, 1.0% au 1.2% kwa mfano, na hicho ndicho cha kufuata. Gari refu ambalo taa zake zimezidi mita moja kutoka ardhini linahitaji kuinama zaidi, kama asilimia 1.5, yaani sentimita 7 na nusu kwenye ukuta wako. Usipofanya hivyo, gari dogo lililo mbele yako kwenye foleni litaoga mwanga wako kupitia kioo cha ndani.

Pima taa moja moja. Nyingine ichomoe plagi au mtu aizibe kwa ubao. Usiifunike kwa kanga ukaenda kunywa maji, balbu ile ni jiko. Nyuma ya kila taa kuna skrubu mbili za kusetia, moja ya juu na chini, nyingine ya kushoto na kulia. Nyingine huzungushwa kwa bisibisi ya nyota kupitia tundu la juu, nyingine kwa spana namba 8 au 10. Zungusha nusu mzunguko, tazama ukutani, andika ulikotoka. Skrubu ikizunguka bila taa kusogea, kishikizo cha plastiki cha ndani kimevunjika, acha kulazimisha. Kwenye taa ya H4 fulu na dimu zinakaa sufuria moja, hivyo ukisawazisha dimu fulu inafuata yenyewe.

Tazama pia umbo la ukingo. Haunyooki ukutani kutoka mwanzo hadi mwisho. Upande mmoja unapanda kidogo ili kumulika watembea kwa miguu na vibao vya pembeni. Kwetu tunaoendesha kushoto, unatakiwa upande kushoto. Ukikuta unapanda kulia, taa hiyo ilitengenezwa kwa nchi wanakoendesha kulia na inampiga usoni kila unayepishana naye. Hakuna skrubu itakayoiponya. Gari zima lililotoka Japani au Uingereza halina shida hiyo, kwa kuwa nao wanaendesha kushoto. Shida huja ukinunua taa ya kubadilishia, au gari au lori lenye asili ya Ulaya bara. Kwenye taa zenye alama ya E ya Ulaya kuna siri ndogo: simama mbele ya gari ulitazame. Mshale uliochorwa kwenye kioo ukielekea mkono wako wa kulia, taa ni ya nchi za kuendesha kushoto. Ukielekea pande zote mbili, inageuzwa. Usipokuwepo kabisa, ni ya wanaoendesha kulia. Madereva wa malori wanaovuka Rusumo kuingia Rwanda, ambako unahamia kulia mwa barabara, wanalibeba tatizo hili kwa upande wa pili kila safari. Wenye busara hushusha taa kidogo wakivuka.

Ukishafanya haya, ukaguzi hautakutisha. Uingereza ilipoanzisha ukaguzi wa lazima wa magari mwaka 1960, mambo yaliyopimwa yalikuwa matatu tu: breki, taa na usukani. Japani gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3 na baadaye kila miaka 2, na taa hupimwa kwa mashine. Kenya magari ya abiria hukaguliwa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya huko, kila mwaka. Sisi tuna Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, tuna trafiki, tuna stika za wiki ya Nenda kwa Usalama. Mashine ya kupimia taa, ukiikuta, ni sanduku lenye lenzi linalosogezwa mbele ya kila taa. Ndani yake kuna ubao mdogo unaofanya kazi ya ukuta wako wa mita 5 au 10. Omba uchungulie. Wakaguzi wengi hawakatai, na ukiona mwenyewe huhitaji kubishana.

Mengine ya ukaguzi nayapitia mbio, kwa kuwa mnayajua. Tairi lina vijinundu ndani ya mifereji. Uso wa tairi ukishuka hadi kulingana navyo, umebaki milimita 1.6, muda wake umekwisha. Namba nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Taa za breki mwombe mtoto asimame nyuma akwambie. Wipa, honi, mikanda, pembetatu, kizima moto. Nimewahi kuona watu wakiazimana kizima moto siku ya ukaguzi, kimoja kinakagulisha magari matano. Nashindwa kuelewa moto utakapowaka watakipigia simu au vipi. Nenda na gari limeoshwa, hasa chini, maana mkaguzi haoni oili inayovuja chini ya tope. Na nenda wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho, si siku yenyewe, ili ukiambiwa rudi, urudi bila joto.

Na zile taa ndefu za LED zinazofungwa juu ya bampa au paa la pikapu ni za porini na shambani. Ukiingia lami, zima.

Kubaki salama mbele ya taa mbovu za wengine kunataka ufundi wake. Usiitazame ile taa. Peleka macho kwenye mstari mweupe wa kushoto, punguza mwendo, ufuate mstari hadi apite. Macho yatachukua sekunde kadhaa kurudi, usiongeze gesi kabla hayajarudi. Safisha kioo cha mbele kwa ndani. Ule utando wa vumbi na moshi, mchana huuoni, usiku unageuka ukungu kila taa inapokuja. Na usimjibu fulu kwa fulu kama nilivyofanya mimi, maana hapo barabara inabaki na madereva wawili wasioona.

Ukuta ninaotumia ni wa jirani yangu, mama mwenye duka la mkaa. Aliniuliza ile misalaba ya karatasi ni ya nini, kama kuna mtu anataka kubomoa, maana kwetu alama ya X ukutani si habari njema. Nilimweleza, akacheka, akaniruhusu niiache. Wiki iliyopita saa moja usiku nilimkuta kijana wa bajaji mbele ya ukuta ule, anasogea mbele na nyuma, anatafuta mita tano kwa hatua za miguu. Nikarudi ndani kumchukulia futi kamba.